Seti ya JKT ya shilingi 95,000: kilichodumu, kilichofumuka na ambacho hakimo

Kila Mei, wanafunzi wa kidato cha sita wakiwa bado kwenye vyumba vya mtihani, maduka ya nguo hapa Morogoro mjini yanabadilika rangi. Bukta za bluu iliyokolea zinaning'inia mlangoni, fulana za kijani zinajaa mezani, na kwenye kipande cha boksi mtu ameandika kwa maka peni: SETI YA JKT IPO, KAMILI. Mei 2025 na mimi nilikuwa mteja. Niliongozana na mdogo wangu wa mwisho, ambaye jina lake lilitoka kwenye orodha ya kikosi cha JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, cha Mlale, Ruvuma.

Nilinunua seti nzima kwa 95,000. Vitu vyote vimeshakwenda Mlale na kurudi, kwa hiyo naweza kusema kipi kilistahili hela na kipi hapana. Ila siwezi kuishia kwenye bukta na soksi. Mimi mwenyewe nilipita mujibu wa sheria, yaani yale mafunzo ya JKT ya miezi mitatu ya wanaomaliza kidato cha sita, mwaka 2019, kikosi cha Mafinga, na huyu mdogo wangu tangu darasa la sita anasema atakuwa mwanajeshi, hataki kusikia kingine. Kununua ile seti ndiko kulikotukalisha chini, nikamwambia mambo ambayo mimi nilikwenda bila kuambiwa na mtu yeyote.

Orodha ya vifaa hutolewa na Makao Makuu ya JKT pamoja na majina, na haijabadilika sana tangu enzi yangu. Bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, mfuko mmoja nyuma, urefu wa magotini, isiyo na zipu. Fulana ya kijani. Raba za michezo za kijani au bluu. Shuka mbili za bluu bahari. Soksi ndefu nyeusi. Traksuti ya kijani au bluu. Nguo za kuzuia baridi kwa waliopangiwa mikoa ya baridi. Halafu mwishoni: nauli ya kwenda na kurudi. Hiyo ya mwisho vijana wanaipita haraka kama vile haiwahusu.

Tuanze na bukta, maana ndiyo iliyoniudhi mapema. Ya kwenye seti ilikuwa na mifuko miwili ya pembeni na mshono mmoja mwembamba kwenye msamba. Nilipomwonyesha muuzaji orodha kwenye simu, akaniambia, "Dada, kule hawaangalii hayo." Wanaangalia. Na hata wasingeangalia, mshono wenyewe hautoshi. Siku ya pili ya depo, yaani mafunzo kikosini, utaruka kichura uwanja mzima, utapiga pushapu, utachuchumaa kufyeka, na bukta ya mshono mmoja itaachia mbele ya platuni nzima, kikundi chako cha mafunzo. Mafinga nilimwona mwenzetu amejifunga traksuti kiunoni kwenye jua la mchana kwa sababu hiyo, na machozi yanamlenga.

Nikaenda kwa fundi cherehani wa mtaani kwetu, mama mmoja anayeshonea barazani. Nilimkuta anakunja mkeka afunge. Akaisoma orodha polepole, akampima mdogo wangu kiuno na paja, akauliza, "Anaenda kukimbia au anaenda kutembea?" Kesho yake jioni bukta mbili zilikuwa tayari, 8,000 kila moja, msamba umepigwa mara tatu, mfuko mmoja nyuma, mpira mpana usiojikunja. Zote mbili zimerudi nzima. Ya dukani aliivaa siku nne, ikawa dekio la hanga, bweni la kikosini.

Raba ndiyo hasara kubwa. Ukiiangalia dukani inapendeza, kijani safi, kamba nyeupe. Soli imegundishwa tu, haina uzi hata mmoja. Wiki ya pili ikafungua mdomo mbele, mguu wa kulia, katikati ya mchakamchaka wa alfajiri, na yeye akaendelea kukimbia huku changarawe zinaingia. Akaja kuishona kwa uzi wa gunia aliopewa jikoni. Kilichomwokoa ni raba ya pili, ya bluu, ya mtumba, niliyomlazimisha aweke kwenye begi. Ilikuwa nzito, soli imeshonwa pembeni kuzunguka mguu wote, 15,000. Mimi ni muuguzi, nimeosha vidonda vya miguu vya kutosha, kwa hiyo hapa mnisikilize vizuri: nunua mtumba mzito, uzidi saizi yako kidogo ili soksi nene iingie, halafu uuvae nyumbani wiki mbili nzima kabla ya kuondoka. Raba mpya inayovaliwa mara ya kwanza kikosini inakupa malengelenge siku ya kwanza, na lengelenge halipewi likizo.

Shuka za kwenye seti zilichuja rangi mpaka maji ya ndoo yakawa bluu, lakini hazikuchanika. Soksi zilikuwa sawa. Traksuti sawa. Fulana moja tu ni uchoyo, ongeza ya pili.

Nguo za baridi hazikuwemo kabisa. Muuzaji alisema Ruvuma hakuna baridi. Mtu aliyefika Songea mwezi wa saba hawezi kusema hivyo. Tulinunua sweta zito la mtumba na fulana ya mikono mirefu ya kuvaa ndani. Nilijua ninachofanya, kwa sababu Mafinga mwezi wa sita nilikaa lindo saa nane za usiku nikiwa na kijisweta cha shule, vidole vimekufa ganzi hata kitufe cha tochi sikihisi.

Kwa wasichana, seti hizi haziwafikirii kabisa. Beba taulo za kike za miezi yote mitatu, usitegemee duka la jirani na kikosi. Nywele zinanyolewa, hivyo usitumie hela ya mama kusuka wiki moja kabla. Na kama una pumu, sikoseli, moyo au kifafa, sema ukweli kwenye vipimo vya afya siku ya kuripoti. Kuna vijana wanaficha kwa kuogopa kurudishwa. Mwenye ulemavu ajue kuwa matangazo ya JKT humwelekeza kikosi cha Ruvu, Mlandizi, ambako kuna miundombinu ya kumhudumia.

Sasa yale ambayo hakuna duka linaloyauza.

JKT ilianzishwa 10 Julai 1963. Mafunzo ya mujibu wa sheria yalisimama 1994, yakarudi 2013, na ndiyo maana kuna kizazi kizima cha kaka na dada zetu ambao hawana la kumsimulia mdogo wao. Wanamwambia tu "utakoma". Mtoto wa miaka kumi na minane akiambiwa atakoma na huyu, na yule anamwambia "ukitoka huko ajira nje nje", anaondoka na picha mbili na zote si za kweli.

Nitamwambia kama nilivyomwambia wangu. Utaamshwa gizani. Utakimbia huku mnaimba chenja, nyimbo za mchakamchaka, na usipojua maneno utayajua kufikia siku ya tatu. Kuna uji, kuna fatiki, yaani kazi za mikono, kuna kwata, yaani gwaride, kuna ugali na maharage, kuna fatiki tena. Sauti itakukauka. Utapangwa kwenye kombania, platuni, seksheni, na kwa mara ya kwanza maishani kosa la mtu usiyemjua litakufanya wewe upige pushapu. Wengi hilo ndilo linalowaumiza kuliko mbio. Mimi liliniuma sana wiki mbili za mwanzo. Baadaye nikaanza kumwamsha jirani yangu wa kitanda kabla filimbi haijalia, bila kuambiwa na afande, na yeye akaanza kunikagua mgongoni kama fulana imechomekwa.

Kisha ikafika siku moja, nadhani wiki ya tano, kwenye kwata. Tulikuwa tunarudia kusimama tu. "Simama!" Visigino vinalia kama mvua ya mawe kwenye bati, kila mtu na wakati wake. Tena. Tena. Jua limekaa utosini, jasho linaingia machoni na huruhusiwi kulifuta. Halafu mara moja, sijui ilitokeaje, vikalia pamoja. Kishindo kimoja tu. Nilikisikia kikipanda kwenye nyayo mpaka kifuani. Hakuna aliyesema kitu. Afande naye alinyamaza kidogo kabla ya kutoa amri inayofuata. Nimeshaenda kanisani miaka yote, nimeshaimba kwaya, sijawahi kuhisi vile. Kijana anayependa jeshi kwa moyo anatafuta kishindo hicho, na namwelewa.

Lakini palepale Mafinga ndipo nilipojua kuwa mimi si askari. Sikushindwa mbio wala shabaha. Nilikuwa nikipangwa lindo nawaza wenzangu waliolazwa zahanati ya kikosi, kama wamekunywa maji, kama homa imeshuka. Fatiki ya kufagia zahanati wenzangu waliikwepa, mimi niliiomba. Nilirudi nyumbani nikabadilisha chaguo langu la chuo nikachukua uuguzi. Miezi mitatu ilinipa jibu la maisha yangu, bila ada ya chuo. Kwa hilo naishukuru JKT mpaka leo, na ndiyo sababu nawaambia vijana waende wakiichukulia kama kipimo. Ukirudi unalitaka zaidi, vizuri. Ukirudi hulitaki, hilo nalo ni jibu zuri, usione aibu.

Kwa mdogo wangu sikutaka asubiri mpaka Mlale. Nilimpeleka kwa baba mkubwa, staff sajenti mstaafu, ambaye Aprili 1979, kwenye Vita vya Kagera, aliingia Kampala kwa miguu yake akitokea mpakani Mutukula. Baba mkubwa haongei sana kuhusu vita. Aliitikia shikamoo zetu, akamtazama kijana, akamwambia, "Mahindi yangu yanaliwa na nguruwe. Usiku huu unakaa wewe." Kiti cha mbao, pembeni ya shamba, saa mbili usiku mpaka alfajiri. Simu abaki nayo dada. Kusinzia hakuna, kukaa ndani ya blanketi hakuna, kila saa azunguke mpaka kwenye mwembe na kurudi. Usiku wa pili hivyo hivyo.

Asubuhi ya pili macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili, na baba mkubwa akamwita wakae. Nilikuwa napika chai, nikasikia yote. Alimwambia kazi kubwa ya askari ni hiyo aliyoifanya, kukaa macho wakati hakuna kinachotokea. Halafu akamsimulia kuhusu Semuliki, Kivu Kaskazini huko Kongo, jioni ya 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa iliposhambuliwa, na wanajeshi wetu wasiopungua 14 wakauawa. "Walikuwa wamekaa hivyo hivyo kama wewe jana. Kisha kikatokea." Hakumtisha wala hakumpamba. Akamuuliza tu, "Mama yako umemwambia kwamba unaweza usirudi?" Mdogo wangu akasema hapana. "Basi nenda kamwambie. Mtu asiyeweza kusema hilo kwa mama yake bado hajaamua."

Alimwambia. Jioni ile mama hakula. Kesho yake akamfulia shuka za bluu bahari mwenyewe kwa mkono, akazianika, akazikunja.

Hapo ndipo nikakumbuka kitu kingine, maana mama huyohuyo wiki chache kabla alipigiwa simu. Mtu anayejua jina la mwanawe na shule aliyosoma alidai ana "connection", kwamba kwa milioni moja na nusu kijana atatoka Mlale moja kwa moja mpaka JWTZ, jeshi lenyewe la ulinzi. Mama alishaanza kuulizia bei ya ng'ombe wetu wa maziwa. Wazazi wenzangu, nafasi za jeshi haziuzwi. JKT na JWTZ wanatangaza hilo kila mara, na JKT wanasema wazi kwenye matangazo ya kujitolea kwamba hawatoi ajira wala hawamtafutii kijana ajira kwenye vyombo vya ulinzi. Cheti cha JKT ni cheti cha mafunzo. Kinaweza kukusogeza mbele siku tangazo la JWTZ likitoka. Hakikuajiri.

Na siku hiyo haina haraka kama vijana wanavyofikiri. Tangazo la JWTZ la 2025 lilitaka wa kidato cha nne na cha sita wasiozidi miaka 24, wenye stashahada wasiozidi 26, wenye shahada wasiozidi 27. Hebu piga hesabu. Kijana anayetoka JKT na miaka kumi na tisa anaweza kusoma, akamaliza, akaomba akiwa na taaluma mkononi, na bado yumo ndani ya umri. Jeshi lina mahospitali, lina mafundi, lina wahandisi. Anayekaa nyumbani miaka minne akisubiri tangazo, amekataa chuo kwa sababu "mimi ni wa jeshi", ndiye ninayemwonea huruma. Mtaani kwetu wapo wawili. Mmoja ana mbio nzuri mpaka leo, kila alfajiri unamsikia anapita, na umri umeshampita.

Kwa hiyo kwenye begi la mdogo wangu mlikuwa na kitu, na nyumbani kulibaki kitu. Nyumbani kulibaki bahasha. Matokeo ya kidato cha sita hutoka mwezi wa saba, maombi ya chuo na ya mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo, hufunguliwa kijana akiwa bado anakula kwata. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe kwanza RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kwetu sisi tuliofiwa na baba, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Hayo tulimaliza kabla hajapanda basi stendi ya Msamvu. Nakala za vyeti, namba ya NIDA, namba za mitihani, picha za pasipoti, vyote nilibaki navyo mimi. Mzazi asiyefanya hivi ataanza kuhangaika mwezi wa nane na mtoto hapatikani kwenye simu.

Na kwenye begi mlikuwa na nauli ya kurudi. Nilimwomba yule mama fundi ashone kifuko kidogo kwa ndani, nyuma ya mpira wa bukta moja, kinachofungwa kwa kishikizo. Tukaingiza noti tano za elfu kumi, zimekunjwa mara nne ndani ya nailoni. Mdogo wangu hakupenda. "Dada, unanipa nauli ya kurudi kama vile nitashindwa." Nikamwambia jeshi lenyewe ndilo lililoiandika kwenye orodha.

Siku ya kurudi zilikuwa zimebaki noti nne. Moja alimkopesha mwenzake ambaye alikula yake yote wiki ya pili kwa soda na mandazi. Amekonda uso, mabega yamepanuka, anaamka kabla ya jogoo na anakunja kitanda chake bila kuambiwa. Bado anataka jeshi. Sasa anasoma upimaji ardhi mwaka wa kwanza, mkopo alipata, na kila likizo anakwenda kwa baba mkubwa kulinda mahindi bila kutumwa.

Nikirudi kwenye seti: kwa 95,000 zile, vilivyofaa ni traksuti, soksi, shuka na fulana, labda thamani ya 60,000. Bukta na raba ni hela iliyopotea. Ukinunua kimoja kimoja, bukta kwa fundi na raba ya mtumba, utatumia karibu hela ileile na hutashona soli kwa uzi wa gunia.

Juzi binti wa jirani kaja na orodha yake. Hatukupita dukani hata kidogo. Tulikwenda barazani kwa mama fundi, akampima kiuno na paja, akamuuliza kama anaenda kukimbia au kutembea. Bukta mbili, 16,000. Kifuko cha ndani ameshona bure.